Mguu wa Baba, Mguu Wangu

Ilikuwa alfajiri moja ya mwezi wa Julai, mwaka 2023. Nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu katika chumba changu cha kupanga pale Njoro, karibu na chuo, niliposikia kitu mfano wa waya wa moto kikichomoka kiunoni upande wa kushoto. Kilipita kwenye tako, kikateremka nyuma ya paja, kikazunguka shavu la mguu na kukomea kwenye kidole gumba. Sikupiga kelele. Niliketi sakafuni, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi, nikangoja kipite. Hakikupita.

Lililonijia akilini kwanza halikuwa dawa wala daktari. Ilikuwa ni sauti ya hatua za Baba: kishindo kimoja, mburuzo mmoja, kishindo kimoja, mburuzo mmoja.

Kwetu ni Mau Narok. Ukitoka Njoro, gari hukwea taratibu likipita Ndeffo na Likia hadi pale ambapo baridi haina msimu, kwani mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya ngano, shayiri, njegere na, hapo zamani, pareto. Lakini zaidi ya yote ni nchi ya viazi, au waru kama tuviitavyo nyumbani. Vikishachimbwa, hutiwa guniani, na gunia hilo likashonewa shingo ya nyavu ili lijazwe kupita kimo chake. Kisha vijana wawili hulinyanyua na kumtwika wa tatu mgongoni, naye akapanda ubao unaoyumba hadi ndani ya lori. Gunia la aina hiyo lilifika kilo 150, na mengine yalizidi. Dalali alilinunua kama gunia moja, na mpakiaji akalipwa kama aliyebeba gunia moja.

Baba aliifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Mimi niliifanya likizo baada ya likizo, tangu nilipomaliza kidato cha nne hadi nikahitimu shahada ya kwanza, na sioni haya kusema kwamba sehemu kubwa ya karo yangu ilitoka mgongoni, kwa maana halisi ya neno hilo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mzigo wa mwanamume mzima abebaye kwa nguvu zake usizidi kilo 55, na kwamba kanuni za viazi za mwaka 2019 hapa Kenya zimeweka kilo 50 kwa gunia. Wakati nilipokuwa nikikwea ule ubao, pendekezo la kwanza lilikuwa na umri wa nusu karne, nami sikuwahi kulisikia likitajwa na yeyote shambani.

Mwaka 2009, nikiwa na umri wa miaka 12, Baba alirudi nyumbani akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiwaka. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na jina la ugonjwa. Kuna waliosema ni baridi ya Mau iliyoingia mfupani. Kuna waliosema ni baridi yabisi, wengine wakasema ni figo, na jirani mmoja akashusha sauti na kusema kwamba huenda kuna mtu. Katika kliniki moja alidungwa sindano tatu ambazo hatukuambiwa ni za nini. Hata hivyo, wote waliafikiana juu ya jambo moja: alale. Basi akalala. Alilala juu ya ubao uliotandikwa blanketi kwa muda wa karibu miezi mitatu, Mama akimgeuza na kumkanda kwa mafuta ya kondoo. Ng'ombe wetu wa maziwa aliuzwa mwezi wa pili. Alipoinuka hatimaye, maumivu yalikuwa yamepungua, lakini wayo haukutii tena. Ncha ya kiatu chake ilikwaruza chini kila alipopiga hatua, na hivyo ndivyo tulivyojua jioni kwamba anafika, kabla mbwa hajabweka.

Msomaji ataelewa basi kwa nini, asubuhi ile ya Julai, nilificha. Nilinunua vidonge vya maumivu katika duka la dawa, nikarudi kulala chali. Nilikuwa nimemwahidi msimamizi wangu sura ya tatu ya tasnifu kufikia mwisho wa mwezi. Kuketi kulikuwa kuchomwa. Dakika kumi kitini zilitosha kuuamsha ule waya. Kupiga chafya kulikuwa adhabu. Niliwaambia wenzangu kwamba nina malaria, ugonjwa ambao mtu hapa kwetu haulizwi maswali mengi kuuhusu. Kwa siku kumi na saba nililala, na kadiri nilivyolala ndivyo nilivyozidi kukakamaa, hata kuelekea msalani ikawa safari ya kupangiwa.

Aliyenitoa kitandani ni mwanafunzi mwenzangu, ambaye alinikuta nikijaribu kuandika nimepiga magoti mbele ya kitanda kama mtu anayesali. Alinipeleka katika hospitali moja ya umma mjini Nakuru. Daktari alinipima, akaandika mistari miwili, akanielekeza kwenye chumba cha fiziotherapia, au tiba ya viungo kama wengine waitavyo. Nakiri kwamba nilivunjika moyo. Nilitarajia eksirei na sindano kubwa. Kwa mawazo yangu ya wakati ule, kuambiwa ufanye mazoezi ilikuwa njia ya adabu ya kukuambia kwamba huumwi.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, chenye vitanda vyembamba, baiskeli isiyokwenda popote, na vyuma viwili sambamba ambavyo mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi alikuwa akivishika huku akijifunza kutembea upya. Aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya raba na sauti isiyo na haraka. Aliponiuliza kazi yangu nikamweleza ninachokisomea, aliniita Mwalimu, na jina hilo likanibakia hadi nilipomaliza matibabu.

"Haya, Mwalimu, lala chali. Usinisaidie."

Akaushika mguu wangu wa kushoto kisiginoni, akauinua ukiwa umenyooka, polepole. Haukufika hata nusu ya safari ya kusimama wima, nikaguta. Akaushusha kidogo, maumivu yakatulia. Akaukunja wayo kuelekea kwangu, yakarudi. Kisha aligonga goti na kano ya kisigino kwa nyundo ya mpira, akanitaka nisukume na kuvuta kidole gumba dhidi ya mkono wake, akanigusagusa kwa ncha ya pini ili aone palipo na ganzi. Akaniuliza pia maswali ambayo sikuyatarajia: je, nashindwa kuuzuia mkojo? Choo je? Je, sehemu zile ambazo mtu hukalia tandiko la farasi zina ganzi? Je, miguu yote miwili inauma? Nilipojibu la kwa yote alishusha pumzi. Akanieleza kwamba lau ningejibu ndiyo hata kwa moja la mkojo, la choo au la ganzi hiyo, asingenigusa. Angenipeleka kwa madaktari wa upasuaji siku iyo hiyo, maana hapo kuchelewa kwa siku moja kunaweza kumwacha mtu na kilema cha kudumu.

Baadaye niliposoma habari za kipimo kile cha kuinua mguu nilikutana na jambo ambalo lilinifurahisha kuliko ilivyostahili. Vitabu vingi hukiita kwa jina la Lasègue, tabibu Mfaransa, ingawa aliyekieleza katika maandishi ni mwanafunzi wake aitwaye Forst, katika tasnifu ya mwaka 1881. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, kipimo hicho kilikuwa kimekwisha kuelezwa na Laza Lazarević wa Serbia, naye aliandika kwa Kiserbia. Ilimbidi kingoje hadi 1884, kilipochapishwa kwa Kijerumani, ndipo wengine wakisome. Na huyu Lazarević, wapenzi wenzangu wa fasihi, nchini mwake hakumbukwi sana kwa udaktari. Anakumbukwa kama mmoja wa waasisi wa hadithi fupi ya Kiserbia. Sisi tunaoandika tasnifu zetu kwa Kiswahili na kuulizwa kila mara nani atazisoma, tuna ndugu yetu pale.

Turudi kitandani. Yule mama alichukua kielelezo cha plastiki cha uti wa mgongo, akanionyesha pingili na vijisahani vya gegedu vilivyo katikati yake, ambavyo ndani vina ute mzito. Kijisahani kikipasuka au kikivimba kuelekea nyuma, alisema, hugusa mzizi wa neva. Mizizi hiyo, kuanzia pingili ya nne ya kiuno kushuka, huungana na kuwa neva ya sayatiki, ambayo ndiyo nene kupita zote mwilini, na ambayo huteremka mguu mzima. Ndiyo maana ugonjwa huitwa sayatika, na ndiyo maana kidonda kiko kiunoni ilhali kilio kiko kidoleni. Sikuhitaji kupigwa picha wakati ule. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi neva wala ute wa kijisahani, na ile picha ya sumaku iliyo ghali isingebadilisha matibabu ya majuma ya kwanza.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, maana lugha ilikuwa na mkono katika masaibu yetu. Nyumbani tulisema Baba ana mshipa. Lakini mshipa ni neno lenye watoto wengi: kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na kwa wasemaji wengine mshipa ni ngiri. Aliyemkanda Baba kwa mafuta aliukanda mshipa uliokuwa ukiuma, pale pajani, na hakuna aliyewahi kuutazama mgongo. Neno neva lilikuwemo katika vitabu vyangu vya shule. Nililikariri, nikalipitia mtihani, na halikunijia hata mara moja nilipokaa kando ya ubao wa Baba.

Nilimwuliza yule mama kama ni magunia yaliyonifanya hivi. Nilitaka aseme ndiyo. Nilikwisha kuipanga hadithi yote: mwana anabeba kilichombeba baba, deni la gunia linalipwa kitini. Alikataa. Alisema mzigo mzito unaweza kuchangia, na kuketi saa nane kwa siku kunaweza kuchangia, na tulivyoumbwa kunachangia, na wapo waliougua bila kubeba lolote zito kuliko mkoba. "Siwezi kukuapia ni gunia, Mwalimu. Ninachoweza kukuambia ni namna ya kulala kifudifudi."

Basi nikalala kifudifudi. Dakika tano hivyo hivyo. Kisha niegemee viwiko, kifua juu, nyonga zikibaki chini. Kisha ninyooshe mikono, niinue kifua huku kiuno kikilegea, mara kumi. Kufikia mara ya sita maumivu yalitoka kidoleni. Kufikia ya kumi yalikuwa yamepanda hadi juu ya goti, lakini kiuno kiliniuma zaidi kuliko nilipoingia. Nilimwambia kwa hofu kwamba ananiumiza mgongo. Alicheka, akasema hilo ndilo alilolitaka: maumivu yakikimbia mguu na kukusanyika kiunoni, ni ishara njema, yakiteremka mguuni, acha mara moja. Njia hii ina historia ya bahati. Mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, mgonjwa aliyekuja kujulikana kama Bwana Smith alilala kifudifudi juu ya kitanda ambacho upande mmoja ulikuwa umeachwa umeinuliwa, bila mtaalamu wake, Robin McKenzie, kukusudia. Aliporudi kumtazama, maumivu yaliyokuwa mguuni yalikuwa yametoweka. McKenzie alitumia maisha yake yaliyosalia akifuatilia lile lililotokea kitandani pale. Si kila mgonjwa humfaa, na yule mama alinionya vivyo hivyo: kuna ambao kupinda nyuma huwazidishia, nao hupewa mengine.

Nilirudi Njoro na karatasi moja. Kifudifudi mara kumi, kila baada ya saa mbili nikiwa macho. Kutembea dakika kumi asubuhi na jioni, kisha kumi na tano, kisha ishirini. Kutoketi zaidi ya nusu saa. Kukunjua goti na kuinua wayo taratibu, ili neva iteleze katika njia yake bila kuvutwa. Nilinunua mkeka. Nikaweka kreti tupu la soda juu ya meza na tarakilishi juu ya kreti, nikaandika sura ya tatu nikiwa nimesimama kama karani wa posta. Msimamizi wangu, nilipomweleza ukweli hatimaye, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba hata yeye ana mto maalumu kitini tangu siku za uzamifu wake. Aliniongezea majuma sita.

Sitaki mtu afikiri kwamba ilikuwa miujiza. Usiku wa juma la pili nililia, na si kwa mfano. Nilikuwa nimebeba ndoo mbili za maji, kwa ubishi tu, na ule waya ukarudi wote hadi kidoleni. Niliporudi hospitalini nikiwa nimekata tamaa, yule mama hakunikemea. Alinifundisha upya namna ya kuinama, akanipunguzia idadi, akanituma nyumbani. Juma la sita niliweza kuketi saa nzima. Juma la kumi nilifunga kamba za viatu bila kufikiri, nikagundua jambo hilo nilipokuwa tayari njiani. Nilimshukuru kwa kuniponya, naye akanirekebisha tena: wengi wenye sayatika hupata nafuu ndani ya majuma sita hadi kumi na mawili, hata bila yeye. Kazi yake, alisema, ni kuhakikisha kwamba wanapopata nafuu hiyo bado wana mguu wa kutembelea.

Neno hilo sikuweza kulimeza. Nilipanda Mau Narok mwezi wa Desemba nikiwa nalo kooni.

Baba hakutaka kusikia. "Mazoezi ni ya watu wasio na kazi," alisema, akiwa ameegemea lango. Nilimweleza habari za vijisahani, akaniuliza kama viazi vya msimu huu nimeviona. Tulibishana siku nne. Mama ndiye aliyemaliza ubishi, kwa sentensi moja aliyoisema akiwa anamenya njegere: "Baba Kamau, miezi mitatu nilikugeuza. Mpe mtoto siku moja." Akaenda kunyoa ndevu.

Yule mama wa Nakuru alimpima Baba kwa uangalifu ule ule. Alimwita Mzee, akamvua soksi mwenyewe. Mguu ulipanda karibu kufikia wima bila kilio. Neva ilikuwa imetulia miaka mingi. Lakini alipomtaka ainue wayo, wayo ulitetemeka tu, na kidole gumba hakikusogea. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema wazi kwamba baada ya miaka kumi na minne nguvu ile hatarajii irudi, lakini nyonga na paja vimedhoofika kwa kutotumiwa, na hivyo vinaweza kuimarishwa. Na kwamba kuna kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu ambacho kingeinua ncha ya wayo asijikwae.

Baba alikuwa akivaa soksi. Aliuliza bila kuinua uso, "Na kama ningekuja wakati ule?"

Nilitamani aseme lolote la kumpoza. Alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Mzee, siwezi kukuambia kwamba ungepona. Wayo ulipoanza kulegea, labda hata mimi nisingetosha. Labda ungehitaji kisu, na mapema. Lakini nisingekulaza miezi mitatu."

"Walisema nilale."

"Najua. Wakati ule hata mahospitalini wapo waliosema hivyo."

Baba alitikisa kichwa mara mbili, akafunga kamba za viatu. Ndani ya matatu, tulipopita Ndeffo, aliniuliza mara moja tu yule ng'ombe alikuwa anatoa chupa ngapi za maziwa kwa siku. Sikukumbuka. Alikumbuka yeye: kumi na nne.

Kile kifaa anakivaa siku za soko na kukificha siku nyingine, kwa kuwa anasema kinamfanya aonekane mgonjwa. Mazoezi hakuyakubali kwa maneno. Lakini Mama alinipigia simu mwezi wa Machi akicheka hadi akashindwa kusema. Alikuwa ameamka kabla ya kumepambazuka akamkuta Baba kifudifudi juu ya gunia tupu sebuleni, ameegemea viwiko, anahesabu kwa sauti ya chini. Alipomwuliza anafanya nini pale chini gizani, Baba alimjibu kwamba shilingi yake imeanguka, na asimpotezee hesabu, maana alikuwa amefika saba.